Evodia Alivyoulima Uwanja wa Mkutano

Ukitoka ndani ya ofisi ya kijiji cha Katundwe, kitu cha kwanza kukutana na macho yako kilikuwa mgongo wa Evodia. Ulikuwa mgongo mpana, umefunikwa koti la kiume la sufu, na juu ya koti kitenge kilichofungwa kuzuia upepo wa Ufipa, ambao haujali mkubwa wala mdogo. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya uwanja wa mkutano, uso ameuelekeza mashambani na kisogo ofisini.

Kwa mgeni hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa watu wa Katundwe lilikuwa tamko. Evodia alikuwa mwanamke aliyefundwa akafundika. Alipiga goti kumsalimia hata mkwe wa jirani, na hakupita mbele ya mzee bila kuinama. Kumpa mtu mgongo, tena mtu wa ofisi, hakukuwa tabia yake hata kidogo. Justina, jirani yake, alipomuuliza sababu, alijibu bila kugeuka:

"Nilipowapa uso hawakunisikia. Nawapa mgongo, labda huu watausikia."

Chanzo chake kilikuwa zahanati. Watu wa Katundwe walikuwa wamesomba mawe, wamechoma matofali, wameezeka. Evodia mwenyewe alibeba maji ya kukandia udongo mpaka utosi ukaota sugu. Jengo likasimama, likapakwa chokaa, kisha likatiwa kufuli. Katika mkutano mkuu wa mwisho wa kijiji, ambao watoto waliozaliwa siku zile sasa walikuwa wanakimbia, Evodia alisimama akauliza itafunguliwa lini. Mtendaji wa kijiji, Mbonile, kijana wa Mbeya mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za tope, alimwambia, "Mama, kaa chini. Ajenda hiyo haipo."

Akakaa. Na tangu siku hiyo mkutano haukuitishwa tena, ingawa kila mtu alijua sheria inataka watu wakutane kila baada ya miezi mitatu.

Hata hivyo si kufuli lililomtoa Evodia nyumbani. Alitolewa na habari ya Edwin, kijana fundi baiskeli, aliyeandika kwenye kundi la simu la kijiji maneno mawili tu: "Mkutano lini?" Aliitwa ofisini, akapelekwa kituo cha polisi, akalala huko kwa kosa la uchochezi. Aliporudi, ukimsabahi alijibu kwa kichwa. Evodia alipeleka baiskeli kuzibwa pancha, akamsemesha, akamtania, akamwita mume wake wa pili. Kijana akaziba pancha, akanyamaza.

"Zahanati wameifunga," Evodia alimwambia Justina jioni ile, "sasa wameanza kufunga midomo. Kesho mimi nakwenda kukaa pale uwanjani. Sitoki mpaka mkutano uitishwe na kila mtu aseme lake."

Siku ya kwanza alikuwa yeye na Justina. Kisha wakaja akina mama wa kwaya, wakaja wauza maharage, wakaja wazee na mablanketi yao. Maturubai yakafungwa, uji wa ulezi ukapikwa, wanafunzi wakitoka shule wakawa wanaandikia kazi zao palepale. Mwenyekiti wa kijiji, Polikarp, alipoona mambo yamechacha alikwenda Kipili kumsalimia binti yake, na salamu zake zikawa ndefu. Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka mingi nyuma, alileta maziwa kila asubuhi, na pamoja na maziwa alileta mdomo. Wasukuma na Wafipa ni watani, na Masanja hakuacha utani ukae bure.

"Ninyi Wafipa," alisema akimimina maziwa, "nchi nzima inaogopa radi mnazowatumia watu kwa uchawi. Mbona mnaogopa mgambo wawili wenye fimbo za mkaratusi?"

"Tulia wewe Msukuma," Justina alimjibu. "Radi tumewawekea ng'ombe wako, waliozoea mahindi ya watu."

Kabula, mke wa Masanja, alicheka mpaka akafunika uso kwa khanga. Yeye hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Alikaa pembeni ya Evodia, akisokota kamba.

Asubuhi moja mgambo walikuja kweli. Wa mbele alikuwa Dominiko, mtoto wa kaka yake Evodia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja kunisalimia au kunibomolea?"

Dominiko alitazama viatu vyake. "Yote mawili, shangazi."

Uwanja ukacheka, na yeye mwenyewe akashindwa kujizuia. Lakini kazi aliifanya. Turubai moja baada ya jingine likashushwa, naye akayakunja vizuri pembe kwa pembe, kama anayekunja shuka za mgeni. Halafu Mbonile akatokeza mlangoni na kipaza sauti. Akatangaza kwamba mkusanyiko wowote uwanjani hapo ni marufuku. Kinachoruhusiwa ni misiba, ibada na shughuli za kilimo, basi. Atakayekaidi atakwenda alikokwenda Edwin.

Watu walianza kuondoka wakiwa wameinamisha vichwa. Hilo lilimuuma Evodia kuliko maturubai. Alibaki kwenye kigoda chake akiitazama nyasi. Uwanja ule haukukanyagwa na mkutano muda mrefu, na mvua zilikuwa zimeinyeshea nyasi hiyo mpaka ikafika kiunoni, isipokuwa pale kati walipokuwa wamekaa. Nyasi ya namna hiyo, mwisho wa mvua, Mfipa hawezi kuiangalia asione kitu. Inafyekwa, inalundikwa, inafukiwa kwa udongo, linakuwa tuta la duara, intumba. Juu yake unapanda maharage, na nyasi iliyooza chini inakuwa chakula cha ulezi wa mwaka ujao.

"Justina," aliita. "Una kimea cha ulezi?"

"Kipo. Una sherehe?"

"Nina kilimo."

Justina alimtazama, akatazama nyasi, kisha akashika kiuno na kucheka peke yake. Alikuwa ameelewa.

Katundwe walikuwa bado wanalima kwa pombe. Mwenye shamba anapika, majirani wanakuja na majembe, wanalima mpaka shamba liishe na chungu kiishe. Na kilimo hicho kina taratibu zake. Ya kwanza, anayeonja chungu, cha pombe au cha togwa, kabla ya kulima, ni kama ameshika jembe: hata awe nani, atalima sehemu yake. Ya pili, wimbo wa jembe hauna mwenyewe. Waimbaji wanaweza kumchana yeyote, baba mkwe, padri, mganga, na aliyeimbwa haruhusiwi kukasirika mpaka chungu kikauke. Ndoa kadhaa zilipona kijijini pale kwa sababu ya maneno yaliyopata pa kutokea kwenye jembe.

Pombe ilipoiva, Evodia aliweka vyungu viwili ukingoni mwa uwanja. Kimoja kilikuwa cha pombe, kingine cha togwa kwa ajili ya walokole, maana hakutaka mtu abaki nyumbani kwa kisingizio cha dini. Watu walikuja kwa wingi kuliko siku zote za maturubai. Hata waliokuwa wakiogopa kukaa hawakuogopa kulima.

Dominiko alikuja mbio.

"Shangazi, tumekatazwa hapa!"

"Mmekataza mkusanyiko. Hiki ni kilimo. Mkubwa wako amesema kilimo ruksa, na kipaza sauti alikishika mwenyewe."

"Lakini shamba hili si lako."

"La kijiji. Maharage yakikomaa, ni ya kuwapikia wagonjwa wa zahanati. Au zahanati haitakuwa na wagonjwa? Nenda kamuulize, halafu urudi na jembe. Mama yako yuko mstari wa pili na mgongo unamsumbua."

Dominiko aliegemeza fimbo yake kwenye ukuta wa ofisi, akaenda kumpokea mama yake jembe.

Justina ndiye aliyeanzisha wimbo. Sauti yake ya kwaya ilikwenda mbele, majembe yakaifuata:

"Nyumba nzuri tumeipaka chokaa,
wagonjwa wake ni popo!"

Na watu wote: "Popo, popo, unaumwa wapi?"

"Naumwa mbavu, namngoja daktari,
daktari anangoja ufunguo!"

Matuta yalianza kuota uwanjani, mviringo baada ya mviringo, yakiukaribia mlango wa ofisi. Mbonile alitoka nje. Safari hii hakuwa na kipaza sauti. Alisimama kwenye ngazi akitafuta neno, na kabla hajalipata, Evodia alikuwa ameshachota kibuyu cha togwa, amemfikia, amepiga goti. Hakuwa na hila. Mtu amefika penye chakula, anapewa. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea.

Mbonile naye alikuwa mtoto wa watu. Mwanamke wa umri wa mama yake amepiga goti mbele yake na kibuyu, angefanya nini? Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa.

Wimbo ukakatika. Majembe yakasimama hewani.

"Amekunywa!" alipiga kelele Masanja.

"Amekunywaaa!" uwanja ukaitikia.

Mbonile alichungulia ndani ya kibuyu, uso umempauka. "Kuna nini? Mmeniwekea nini?"

"Usiogope, mkubwa," Masanja alisema, "hamna radi humo. Mna jembe tu." Na akamnyooshea lake.

Evodia aliinuka polepole, magoti yakilia. Hapo ndipo alipotambua alichokifanya, na alipotambua hakukirudisha.

"Ndiyo taratibu yetu, mtendaji. Aliyeonja analima."

"Mama, mimi ni mtumishi wa serikali."

"Hata jembe ni mtumishi. Ukikataa hatutakugusa, wewe ni mgeni wetu. Lakini usituambie tena kwamba sisi hatujui taratibu."

Mbonile aliwatazama watu. Walikuwa kimya, na ukimya ule haukuwa wa Edwin. Walikuwa wakimngoja. Alikunja mikono ya shati lake, akachukua jembe, akaingia mstarini kati ya Evodia na Masanja. Alilima vizuri, kwa mshangao wa wote. Ni wazi alilelewa kwenye udongo kabla ya kulelewa na makaratasi. Na wimbo ukarudi, sasa ukimwelekea yeye. Waliimba pasi ya shati lake, waliimba kipaza sauti chake, waliimba Edwin aliyelala ndani kwa maneno mawili. Alilima. Walipofika kwa popo na ufunguo, jembe lake lilikaa ardhini lisiinuke.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "ufunguo mimi sina. Sijawahi kuwa nao. Uko wilayani, na kila nikiuliza naambiwa subiri. Ningesimama mkutanoni niseme nini?"

"Ungesema hivyohivyo ulivyosema sasa."

"Nikisema hivyo wananihamishia Mtowisa."

"Mtowisa wanalima mpunga. Utakula wali," Masanja aliingilia, na waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

Evodia hakucheka. Aliegemea mpini, akampa Mbonile uso wake wote.

"Wewe uliogopa kusema, ukaona heri na sisi tusiseme. Umemlaza ndani mtoto wa watu kwa woga wako. Sisi hatukuja hapa kukupiga wala kukufukuza. Tumekuja kusema. Tukinyimwa turubai tutalima. Tukinyimwa jembe tutafanya ibada. Na ukituzuia ibada, mimi nina umri wa kufa, watakaa matanga yangu hapahapa na kila mtu atasema lake juu ya kaburi. Uwanja huu hautanyamaza. Chagua wewe utasikia lini."

Mbonile alijifuta jasho kwa mkono wenye udongo, ukabaki mchirizi usoni.

"Alhamisi," alisema.

"Alhamisi nini?" Justina alimkata. "Sema watu wasikie! Siku ile ulikuwa na sauti."

Mtendaji akapanda juu ya tuta aliloliinua mwenyewe. "Alhamisi! Mkutano mkuu wa kijiji. Mwenye swali ataliuliza, na hakuna atakayeambiwa akae. Edwin atauliza wa kwanza, na mimi nitaanza kwa kumwomba radhi mbele yenu."

Vigelegele vilivuka barabara. Wengine walikwishaanza kuokota majembe yao waende nyumbani, lakini Evodia alipiga makofi.

"Mnakwenda wapi? Tutaondoka mkutano ukiisha, si ukitangazwa. Dominiko! Yale maturubai uliyoyakunja yako wapi?"

"Stoo, shangazi."

"Yalete. Uliyatoa bila kuchana, utayafunga bila kulegeza."

Wakabaki. Nusu ya uwanja ilikuwa matuta yaliyokwisha kupandwa maharage, nusu nyingine waliiacha wazi kwa ajili ya kukaa. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi, na Polikarp akapigiwa simu Kipili, akaambiwa salamu zimetosha. Siku zile za kungoja, jambo lisilotarajiwa lilitokea: watu walianza kujifunza maswali yao kwa sauti, kama wanafunzi kabla ya mtihani. Jumatano jioni, Kabula alimvuta Evodia kando ya matuta.

"Dada, nisikilize. Nikikosea, nirekebishe." Alishusha khanga begani, akayatazama matuta kana kwamba yalikuwa na macho. "Mimi naitwa Kabula. Nimejifungua watoto wangu njiani, kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Nauliza..." Akasimama. "Nitasahau, dada. Nitaona watu, nitasahau."

"Ukisahau, anza tena. Hawana pa kwenda, wamekuja kukusikiliza wewe."

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito, mpaka watu walisikika kabla ya kuonekana. Walikuja kwa kila njia, na vigoda, na mikeka, na watoto mgongoni, hata wale wa vitongoji vya mbali ambao hawakuwahi kukaa chini ya maturubai. Mbonile alitoa meza nje akisaidiana na Dominiko, akaweka viti viwili, chake na cha mwenyekiti. Mtu akasema Polikarp ameshashuka kwenye basi Laela na amepanda bodaboda. Mwingine akasema ameiona kwenye kona.

Kabula alikuwa mstari wa mbele. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza bila sauti. Alishika kiganja cha Evodia, akakibana.

"Wanaanza sasa hivi?"

"Wanaanza," alisema Evodia, naye akakaza macho kwenye ile meza iliyokuwa bado haina mtu, huku mlio wa pikipiki ukipanda mlima ndani ya ukungu.