Neno la Kiingereza Lililolima Magamba

Mvua za kwanza zikishalainisha udongo, asubuhi za Magamba zilijaa sauti za wanaume wakiita maksai wao kwa majina. Sisi tuliohamia Katavi na ng'ombe kutoka Usukumani tuna desturi hiyo: maksai hachapwi ovyo, anaitwa. Unalivuta jina, unalipandisha kama wimbo, naye anaegemea nira na kukokota plau. Sauti ya baba ilifika mashamba ya mbali, na sikujua fahari nyingine kubwa kuliko hiyo. Jina jema hung'ara gizani, wazee walisema. Kwetu liling'ara hata kwenye matope.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mfipa mmoja mchangamfu, alikuwa na mchezo wake wa Ijumaa: anatamka maneno ya Kiingereza polepole, sisi tumefumba macho, kisha tunachagua lililo tamu kuliko yote kabla hajatuambia maana. Wenzangu waligombania butterfly na umbrella. Mimi nilinaswa na meadow. Lilianza midomo ikiwa imefungwa, likafunguka, likaishia mdomo umeviringika kama wa mtu anayepuliza uji wa moto. Nililiimba njia nzima ya kurudi nyumbani. Msimu huo ndama dume niliyemlea kwa maziwa ya chupa baada ya mama yake kufa alikuwa anaanza kufundishwa nira, na hapo ndipo maksai hupewa jina lake la kulimia. Aliyemlea ndiye anayempa jina, awe mtoto wa kike au wa kiume, nami nilikuwa nalo tayari.

Baba mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. "Ng'ombe wa Kisukuma, jina la Kizungu! Atalisikia kweli?" Baba aliuliza maana yake, nikamwambia ni uwanda wa majani mabichi ya kulishia. Akatafakari kidogo. "Kumbe na wao wanafuga," akasema, na jina likapita. Lakini aliniambia wazi kwamba maksai asiyelima hukaa bure, na akikataa nira ataenda mnadani. Usiku ule sikula, na mama hakunilazimisha.

Siku ya kumjaribu majirani walikuja kutazama, kama ilivyo kawaida yao. Baba alimwita Polisi, maksai wetu mkongwe, naye akaitika kwa mabega. Ilipofika zamu ya wangu, baba aliona aibu kuliita jina la Kizungu mbele ya watu. Mtu aliyesifiwa kwa sauti Magamba nzima akatamka tu, "Wewe, twende!" Meadow akasimama kama kisiki. Baba mdogo akainua fimbo, baba akamzuia mkono. "Huyo ni wa mnada, nyie hamuoni?" baba mdogo akasema. Machozi yakanitoka mbele ya watu wote. Baba akanitazama. "Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "hebu mwite wewe."

Nikasimama mbele ya nira nikaita, "Medooo!" Akaegemea. Plau ikauma ardhi, harufu ya udongo mbichi ikapanda, nami nikarudi kinyumenyume nikiita mpaka koo likakauka. Sauti ya mtoto haimalizi shamba. Nilipokwama, naye akakwama. Ndipo nyuma yangu nikasikia sauti nzito ikilichukua lile neno, ikalivuta Kisukuma, ikalishusha na kulipandisha: "Meeedooo we! Medo wa binti yangu!" Baba alikuwa anaimba Kiingereza mbele ya majirani, na maksai wangu anakwenda. Jirani mmoja akapiga kigelegele. Baba mdogo akaenda kushika nira kuwageuza maksai mwisho wa shamba, na mnada haukutajwa tena.

Leo matrekta yamefika Magamba, na huku Misunkumilo ninakoishi watoto wanazungumza Kiingereza wakiruka kamba. Ni vizuri, sina wivu nao. Juzi baba alikuja kututembelea, akamsimulia binti yangu habari za maksai huyo, na mtoto akamkatiza: "Babu, siyo medo, ni meadow." Baba akatabasamu, akajaribu, akashindwa. Nimelisikia neno hilo kwa walimu na redioni, limetamkwa sawasawa kabisa, na hakuna aliyelifikisha pale alipolifikisha mzee huyu. Nikamwambia binti yangu: "Mwanangu, kwa Waingereza hilo ni neno zuri. Kwa babu yako lililima."