Mwezi Usio na Homa

Wanakijiji wenyewe walimchagua Primitive kuwa mshauri wao wa afya. Walipiga kura kwa kujipanga nyuma yake uwanjani, mstari ukafika hadi kwenye migomba. Kwa miaka tisa aliwatoboa watoto vidole, akapima malaria na kuwapa vidonge hapo hapo kibarazani kwake, vumbi la kiwanda cha saruji cha Muganza likitua juu ya sanduku la dawa.

Kisha nywele zake zikaanza kutoka. Kwanza kipara kidogo nyuma ya sikio, kama kifuniko cha chupa. Baada ya miezi mitatu kichwa kilikuwa kitupu, na nyusi pia.

Alikwenda kituo cha afya. Hakuomba nywele. Aliomba jina la ugonjwa, liandikwe kwenye karatasi awaonyeshe majirani. Muuguzi Anastase hakuinuka hata kitini.

"Maman Primitive, nywele si ugonjwa. Batu banakufa huku! Funga kitambaa."

Akafunga. Lakini kitambaa hakifungi midomo ya watu. Bombani wakasema ni sida, yaani UKIMWI.

"Mganga hajigangi, sawa," akasema Dusabe, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, "lakini huyu kichwa ni kama yai! Batoto bangu hatabagusa."

Wakacheka wote, hata wale aliowaokolea watoto. Dhambi ikigawanywa kwa wengi huonekana nyepesi, lakini uzito wake haupungui.

Kibaraza kikahamwa. Kila asubuhi Primitive alifuta sanduku vumbi, akaketi kungoja.

Aprili, mbu walipojaa mashamba ya mpunga, Ikirezi, binti wa Dusabe mwenye miaka minne, alishikwa na homa. Primitive alimsikia akilia ng'ambo ya ukuta. Akachukua kipimo, akabisha hodi.

"Mutoto anaungua, Dusabe. Nipe kidole chake tu."

"Rudi kwako, Maman. Kesho nitamupeleka kwa kituo."

Kesho ikawa kesho kutwa, maana mpunga ulitaka palizi na kituo kiko mbali. Siku ya tatu degedege ikamshika. Ikirezi alifia njiani, mgongoni mwa mama yake, Dusabe.

Mwisho wa mwezi Primitive alipeleka ripoti yake. Anastase alipitisha kidole kwenye safu ya wagonjwa, sifuri baada ya sifuri, uso ukamchangamka.

"Félicitations, hongera, Maman! Malaria hata moja hakuna. Kijiji chako ni cha kwanza kati ya vijiji vyote vya sekta."

"Tumezika mmoja."

"Hapa hayumo."

Primitive akafungua kitambaa, akakikunja polepole, akakiweka juu ya ripoti.

"Walikiogopa hiki kichwa," akasema. "Muandike mutoto. Kisha uandike na jina la ugonjwa wangu, lile nililokuomba."

Anastase akashika kalamu. Jina la Ikirezi aliliandika. Lile lingine hakulijua.