Vidonge Nilivyowapa Kuku

Leo ninashona nguo hapa Bugarama, na uzi naupitisha kwenye tundu la sindano bila kusaidiwa. Kabla ya kuugua nilikuwa mtoto wa darasa la sita mwenye mwandiko mzuri, na kuku sita niliowapenda kupita kiasi.

Koo liliniuma, homa ikapanda. Zahanati walinipa vidonge vya rangi mbili, nimeze siku kumi. Siku ya tatu koo likatulia. Wiki hiyohiyo kuku wangu wakaanza kuzubaa na kuharisha. Kwetu wengi humfungulia kuku vidonge vya rangi mbili kwenye maji ya kunywa, nami nikafanya hivyo kwa vyangu vilivyobaki.

Kila jioni mama aliuliza, "Umemeza?"

"Nimemeza, mama."

Likizo ilipofika nilikwenda Kaniha kwa shangazi, dada yake baba. Alinilisha vizuri, akanipa na togwa. Niliporudi nyumbani, mkono wa kulia ukaanza kuruka wenyewe. Kalamu ilidondoka. Uji ulinimwagikia kifuani. Uso ulijikunja, na nikitembea mguu ulirushwa pembeni. Nilitulia usingizini tu. Mwalimu alinichapa kwa mwandiko mbaya. Wenzangu wakaniita Disko. Kanisani nilitoa ulimi kupokea komunyo, ulimi ukarudi ndani wenyewe, hostia ikaanguka sakafuni mbele ya watu wote.

"Huyu kalishwa kitu huko Kaniha," jirani alisema.

Baba akaamua: "Dada yangu asikanyage hapa tena."

Hospitali, daktari alinipa vidole vyake viwili nivibane. Mkono ulibana, ukaachia, ukabana, kama wa mtu anayekamua ng'ombe.

"Aliwahi kuumwa koo?"

"Miezi kama minne iliyopita," mama alijibu.

"Dawa alimaliza?"

"Zote, daktari. Huyu hanidanganyi."

Nikatazama sakafu.

Daktari alitueleza taratibu. Wadudu wa koo wakiingia, mwili hutengeneza askari wa kupigana nao. Wakati mwingine askari hao hukosea, wakashambulia sehemu ya ubongo inayoongoza viungo, na hata moyo. "Si uchawi. Atapona. Lakini atachomwa sindano kila wiki nne kwa miaka mingi, koo lisirudie na moyo usiharibike."

Baba alisikia yote. Njiani akauliza, "Na hao askari, nani aliwachokoza?"

Nilidhani namjua aliyewachokoza. Nikanyamaza.

Mwili ulitulia kidogo kidogo, kwa miezi sita. Aibu haikutulia. Nilipofika miaka kumi na minane nilimsimulia nesi aliyekuwa akinichoma sindano habari za vidonge na za shangazi.

"Labda ungeugua hata kama ungevimaliza, hakuna ajuaye," alisema. "Lakini aliyesingiziwa si mimi. Nenda Kaniha."

Nilikwenda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Nikasema yote, kichwa nimekiinamisha.

"Na hao kuku walipona?"

"Walikufa wote."

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kanga. "Msiba wa mama yangu nilikaa nje ya uzio wenu, mwanangu. Kumbe kwa ajili ya kuku."

Jioni nilimwambia baba. Asubuhi alimkamata jogoo, akamfunga miguu, akaenda kusubiri gari la Biharamulo, aende Kaniha kwa dada yake.

Namshukuru Mungu, daktari, yule nesi, na shangazi aliyenikaribisha tena. Mzazi, mwanao akipewa dawa ya koo, simama umwone akimeza, mpaka kidonge cha mwisho. Viungo vyake vikianza kucheza, usimchape na usimtafute mchawi. Mpeleke hospitali, umweleze daktari habari za koo. Sindano za kila mwezi msizikatishe, hata akionekana mzima. Ugonjwa huu unapona, mimi hapa ni ushahidi.

Na wewe mtoto uliyemdanganya mama, mwambie leo. Atakugombeza, utalia, yataisha. Mimi nilichelewa miaka sita, na bibi yangu alizikwa binti yake akiwa nje ya uzio.