Waya Huu Unaelekea Wapi?

Juzi kwenye kaunta ya ofisi ya umeme hapa Ifakara, mbele yangu alisimama bibi mmoja wa Lupiro na mjukuu wake wa kike mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ilikosa umeme kwa sababu bibi alikataa nguzo isisimikwe shambani kwake.

"Shikamoo, bibi," akasema ofisa. "Kitaalamu, ule ni msongo wa kati..."

"Marahaba. Sasa sema na mimi."

"Bibi, jamani!" mjukuu akanong'ona.

Bibi akauchora waya hewani kwa kidole, taratibu. "Wakati wa Maji Maji babu yangu alikata waya wa simu wa Mjerumani, kule njia ya Kilosa. Ulikuwa unapeleka habari zetu bomani, halafu askari wanakuja kuchoma maghala. Huu wenu unapeleka nini?"

Ofisa akaweka kalamu chini. "Haupeleki, bibi, unaleta. Umeme unatoka kwenye maji ya Kidatu, unasafiri na nyaya kubwa hadi kituo cha kupoza, unapunguzwa nguvu. Ukifika kijijini, transfoma inaupunguza tena, ndipo unaingia mashineni."

"Kwangu hauchukui kitu?"

"Hauchukui."

"Si mngesema hivyo tangu masika! Chimbeni. Ila panga la babu bado ninalo."

Mjukuu alicheka mpaka akashikilia kaunta. Mimi nina shahada, na taa zinawaka kwangu miaka yote hii. Sijawahi kuuliza waya wangu unaelekea upande gani.