Maneno ya Kijapani ya Mwishehe

Zahoro alikuwa na wivu, na hapa tusimfichie. Tangu Mwishehe arudi Msimbu kutoka vita vya Burma, mwaka wa arobaini na sita, Zahoro hakuwa na raha. Mwenzake alikuwa amelinda mateka wa Kijapani, akaokota maneno yao. Ikitokea kazi ya kijiji, paa la msikiti au daraja lililobomoka, Mwishehe husimama wa kwanza: "Jibun kara yarimasu!" Kisha huwaeleza watu: "Yaani nafanya mwenyewe, sikutumwa." Wazee hucheka mpaka wakafuta machozi. Na Mwanne naye hucheka, na hapo ndipo palipomchoma Zahoro.

Zahoro alimpenda Mwanne, na binti alijua. Lakini posa hupelekwa na wakubwa, na kila mwaka mjomba wa Zahoro, mzee Kibwana, alisema, "Tuvune kwanza." Zahoro akangoja misimu mitatu, kimya, mtoto mwenye adabu zake.

Ikafika siku ya kuchimba kisima, nyuma ya nyumba ya kina Mwanne. Jana yake ukingo ulikuwa umeporomoka, hivyo hakuna aliyetaka kushuka. Zahoro alikuwa amekariri yale maneno wiki nzima, akiisemesha mihogo shambani. Akamwahi Mwishehe: "Jibun kara yarimasu!" Watu wakashangilia. Mwanne akatabasamu. Mwishehe alimfunga kamba kiunoni, akampigia saluti. Zahoro akashuka moyo mweupe: leo nimempata, mshenzi huyu!

Alichimba mpaka adhuhuri. Udongo ulipoanza kulowana, akasikia vigelegele huko juu. Akajua ni vyake, akazidi kuchimba kwa nguvu.

Walipompandisha, palikuwa na mjomba Kibwana na wazee wawili tu.

"Vigelegele vya nini, mjomba?"

"Mwishehe kajiposea. Kaingia mwenyewe kwa babaake Mwanne, hana mshenga wala mjomba. Aibu tupu! Nikajua watamfukuza. Mzee kamuuliza binti, binti kakubali."

"Mwanne kakubali?"

"Kasema, angalau huyu kaja."

Zahoro alisimama pale, tope limemfika mapajani. Kisha akamwambia mjomba amshushe tena, maji bado hajayafikia.