Mkasi Gizani

Peres Awiti alipofika Nairobi mwaka wa 1964 alikuwa na cheti cha kupiga chapa na viatu alivyoazimwa na dada yake. Babake, mwalimu wa shule ya misheni upande wa Yala, hakufurahia kusikia kwamba kampuni iliyomwajiri ilikuwa ya filamu. Yeye alijua filamu ni mambo ya kuchekesha watu. "Andika barua zao vizuri," alimwambia, "na usiingie kwenye hicho chumba cha giza."

Hata mwezi haukuisha kabla hajaingia. Ofisi ya kampuni ilikuwa katikati ya jiji, lakini filamu zilisafishwa kwa dawa, ili picha zitokee, huko Westlands, katika nyumba ya mawe iliyozibwa madirisha. Msimamizi wa huko alikuwa Pritam Singh, mtu wa maneno machache na ndevu nyeupe zilizochanwa kwa uangalifu. Siku Peres alipotumwa kumpelekea barua, alimkuta amesimama katikati ya vipande vya filamu vilivyoning'inia kila mahali, msaidizi wake mgonjwa, mikono yake mwenyewe haitoshi. Peres alinawa, akashika kipande kwa kingo zake kama alivyoona Pritam akifanya, wala hakuacha alama ya kidole.

Pritam alimtazama. "Wewe na mashine ya kupiga chapa wapi na wapi?" akasema. "Kaa hapa."

Akakaa. Mwaka uliofuata alikuja Mkanada, Audrey Pelletier, mwanamke mrefu ambaye jua lilimbabua pua lakini hakutaka kusikia habari ya kofia. Alikuwa ametumwa kwa miaka miwili kuwafundisha wenyeji kutengeneza filamu za mambo halisi, si za michezo ya kuigiza. Kwao Montreal alikuwa pia kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa filamu, na kwake hizo zilikuwa kazi moja. Alimpa Peres kamera na kumpeleka naye sokoni, kwenye mashamba ya kahawa, kwenye karakana za reli. "Ukimpiga mtu picha umechukua kitu chake," alimwambia. "Ujue mapema utakilinda vipi." Peres alilichukulia neno hilo kama mafundisho mengine ya darasani.

Audrey alipoondoka, Peres alikuwa mwelekezi, mwanamke pekee mwenye cheo hicho katika kampuni. Na kabla mwaka haujageuka alikuwa pia katibu wa chama cha wafanyakazi. Hilo halikupangwa. Haron, mwosha filamu, alianza kukohoa damu kwa sababu ya mvuke wa dawa, na kampuni ikamfuta kazi badala ya kutoboa dirisha la hewa. Peres alishuka akaketi kwenye ngazi za ofisi. Mmoja baada ya mwingine wakaja kuketi naye, mafundi wa taa, madereva, makarani, hata wageni wakakosa pa kupitia. Dirisha likatobolewa, Haron akarudishwa. Jioni hiyo hiyo wenzake wakamchagua Peres, naye akarudi nyumbani Kilimani, kwenye chumba chake kimoja nyuma ya nyumba ya watu, akiwa na furaha na woga kwa pamoja.

Mkurugenzi wa kampuni, Zedekiah Were, hakumsamehe kwa zile ngazi. Lakini alikuwa mtu wa kwao, amesomeshwa na babake Peres, na filamu za huyo binti zilisifiwa. Kwa hiyo alimvumilia, mpaka ilipokuja ile kazi ya mwaka wa 1971.

Mwanakandarasi mmoja tajiri, Bwana Kihara, alikuwa anajenga ghorofa refu katikati ya jiji, akataka filamu ya kulisifu. Peres alipewa kazi. Kwa wiki kadhaa alipanda na kushuka na wajenzi, akawajua kwa majina. Alimjua Mwanzia, mfunga vyuma kutoka Machakos, mcheshi wa kundi. Alimjua Jamleck, mwashi wa Dagoretti, mzee wa kanisa aliyefunga macho na kuomba kila asubuhi kabla ya kukanyaga kiunzi, yale majukwaa ya miti na kamba waliyosimamia wakijenga.

Siku ya msiba Peres alikuwa chini, jicho kwenye kamera, akimfuata Jamleck aliyekuwa akipanda na karai ya saruji begani. Aliona miti ikiyumba. Aliona kamba ikikatika nyuzi. Kidole chake hakikutoka kwenye kitufe, na hilo lilimsumbua maisha yake yote. Alipiga picha mpaka Jamleck akafika chini.

Saa ya chakula hakuna aliyekula. Wajenzi walikusanyika nyuma ya marundo ya mchanga, na Mwanzia, ambaye siku hiyo hakuwa na mzaha hata mmoja, akapanda juu ya pipa.

"Tulimwambia mnyapara kamba zimeoza!" alipaza sauti. "Tukaambiwa anayeogopa aende kwao! Sasa nani amekwenda kwao?"

Walinyanyua mikono kuapa kwamba hawatapanda tena mpaka kiunzi kibadilishwe. Peres alikuwa na kamera. Fundi wa sauti hakuwepo, lakini nyuso zilikuwepo, na hakuwahi kuona nyuso kama zile.

Mwanzia alimwona. "Piga, dada," akasema. "Lakini sura hizi zikimfikia mkubwa, sisi tumekwisha."

"Hazitamfikia," Peres akajibu.

Alipiga mpaka filamu ikaisha. Kifo na kiapo vikawa kwenye roli moja ya filamu.

Jumapili iliyofuata Were alimpitia kwa gari, akampeleka Kitisuru kwa Bwana Kihara. Waliketi barazani, mbele ya nyasi zilizokatwa vizuri, wakanywa chai. Kihara hakupandisha sauti hata mara moja.

"Nimelipia filamu," alisema. "Nataka roli yote. Mnyapara aliona mikono ikinyanyuliwa, lakini alikuwa mbali. Nataka kuwajua wachochezi wangu."

"Na Jamleck?" Peres akauliza.

"Alikuwa amelewa. Mahakama itaambiwa hivyo."

"Jamleck alikuwa mzee wa kanisa, Bwana Kihara. Pombe hakuijua."

"Watu hujificha," Kihara akasema, akamwongezea chai.

Walipokaribia Westlands Were alipunguza mwendo. "Kesho mchana roli inasafishwa," alisema. "Nitakuja na wapelelezi wawili. Wao wanataka kuona kifo, Kihara anataka kuona nyuso, wote wataona. Peres, usinifanye nikawaeleze watu wa nyumbani kwamba nimemfuta binti wa mwalimu."

Usiku huo Peres hakupata usingizi. Roli nzima ingewatia Mwanzia na wenzake mikononi mwa Kihara. Roli ikiharibiwa yote, Jamleck angezikwa akiwa mlevi. Ilibaki njia moja.

Siku ya pili, mapema mchana, alikuwa mlangoni kwa Pritam.

"Nataka kuigawa kabla haijasafishwa," alimwambia. "Were yuko njiani na wapelelezi, hakuna muda wa kuisafisha kwanza."

Pritam aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia mikono. "Filamu ambayo haijasafishwa haina picha, dada. Hata ungekuwa na taa ungeona nini? Na taa huwezi kuiwasha, itaiunguza. Utakata kwa kukisia?"

"Kwa kukisia."

"Ukikosea hakuna kurudi."

"Najua, Bwana Pritam."

Mzee alifikiri, kisha akamfungulia chumba cha giza na kumpa mkasi. "Mimi sijakuona," akasema. "Lakini bawaba za huu mlango ni kazi yangu, nitabaki hapa nje nikizipaka mafuta."

Giza la chumba kile halikuwa kama la usiku. Hata mkono wake usoni hakuuona. Alifungua mkebe. Kilichopigwa mwisho kilikuwa nje ya roli, kwa hiyo nyuso zilikuwa juu na kifo ndani. Akaanza kuvuta, akiizungusha filamu kwenye kiwiko kama mtu anayekunja uzi wa kufuma, huku akijikumbusha: hapa Mwanzia yuko juu ya pipa, hapa mjenzi mmoja kijeba mwenye kofia ya sufu, hapa mikono. Vidole vyake havikumwambia lolote. Filamu ilikuwa laini ile ile mwanzo mpaka mwisho, ya aliye hai na ya aliyekufa.

Gari likasimama nje. Milango mitatu ikafungwa.

"Yuko wapi?" Ilikuwa sauti ya Were.

"Filamu iko wazi ndani," Pritam alijibu bila haraka. "Fungua mlango kama unataka. Mwanga utaingia, itaungua yote. Basi mtakuwa mmeiharibu ninyi, si sisi."

Hakuna aliyegusa kitasa. Kisha mmoja wa wapelelezi akasema, "Tunangoja. Lakini si sana."

Peres alifika pale alipodhani ndipo mpaka. Akaushika mkasi. Akikata hapa, huenda uso wa Mwanzia, aliyesema wa kwanza, ukabaki ndani. Akivuta zaidi, kuanguka kwa Jamleck kutakwenda na nyuso, na kule ndiko kulikokuwa ushahidi. Alimwita Mungu kwa Kiluo, lugha ambayo hakuitumia tena kwa sala. Mlango ukagongwa.

Akavuta zaidi. Akakata.

Aliirudisha sehemu ya ndani mkebeni, akaufunga vizuri kwa utepe, kisha akawasha taa. Kilichokatwa kilikuwa miguuni pake. Hakikutoa moshi wala hakikubadilika rangi. Kililala tu sakafuni kana kwamba hakuna kilichotokea, ingawa mwanga ulikuwa umekwisha kufuta kila uso. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuna aliyewahi kuiona.

Alipofungua mlango, Were alitazama sakafu, akaelewa. "Toka," alisema. "Usirudi hata kuchukua koti lako."

Wapelelezi walichukua mkebe, Pritam akasafisha filamu mbele yao. Nyuso hazikuwemo. Lakini hata kuanguka hakukuwemo. Ilionyesha Jamleck akipanda kwa mguu thabiti, miti ikiyumba, kamba ikianza kufumuka, na hapo ikaishia, mguu wake hewani.

Habari zilimfikia mjane wa Jamleck. Njambi alikuja Kilimani, akasimama uani, akakataa kiti.

"Wanasema kifo cha mume wangu kilikuwa sakafuni," alisema, "na wewe ukakikanyaga."

"Niliwachagua walio hai, mama."

"Kwani mimi si hai?"

Peres alimsogezea kiti tena. Njambi alijifunga leso vizuri, akaondoka.

Uchunguzi wa mahakama ulipoanza, wakili wa Kihara aliitazama filamu na kutabasamu. Hapa tunamwona mtu akipanda, alisema. Yuko wapi mtu anayeanguka? Kamba ni ukungu tu. Mnyapara akaapa kwamba marehemu alinuka pombe. Peres alikuwa ameketi nyuma. Aliona jinsi shauri linavyoteleza, na aliyelitelezesha alimjua.

Ndipo mtu akasimama kati ya watazamaji. Alikuwa amevaa nguo za kazi, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi.

"Nataka kuongea," alisema Mwanzia.

Hakimu alimwuliza kama ameitwa kuwa shahidi.

"Hakuna aliyeniita. Kulikuwa na picha yangu, ikatupwa nisijulikane. Basi nimeileta sura mwenyewe."

Kihara alikuwa ameketi mstari wa mbele. Aligeuka akamtazama, na Mwanzia akamtazama pia, akasogea mbele kuapishwa. Alieleza habari za kamba, siku walizomwonya mnyapara, majibu waliyopewa. Alipomaliza, yule kijeba wa kofia ya sufu naye akasimama. Kisha mwingine. Hakimu akarudia filamu, na safari hii, mashahidi wakionyesha kwa kidole, kila mtu mle ndani aliiona kamba ikifumuka.

Hukumu ilimlaumu mwanakandarasi. Jamleck akaondolewa lile jina la ulevi, Njambi akapata fidia. Lakini Mwanzia na wenzake walifutwa wiki hiyo hiyo, na kwa muda mrefu hakuna mjenzi mkubwa jijini aliyewachukua. Mwanzia alirudi Machakos kulima. Peres alimwandikia, hakujibu.

Wafanyakazi wa filamu waligoma kudai Peres arudishwe. Mgomo ukawa mchungu. Wawili walilala korokoroni, na Pritam, ambaye hakuwahi kuhudhuria mkutano wowote, alifunga maabara akaweka funguo mfukoni. Were hakumrudisha. Alichokubali, baada ya kuchoka, ni sharti jipya katika mkataba: picha za wafanyakazi wakikutana hazitatolewa kwa tajiri wao bila idhini yao. Peres hakuwa na kazi tena, kwa hiyo chama kilimfanya katibu wa kudumu, katika ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa la Pranlal, karibu na Mtaa wa River.

Miaka saba hakushika kamera. Mwaka wa 1978 Audrey alimtumia moja kuukuu kutoka Montreal, na Peres akaanza filamu juu ya wajane wa wajenzi. Aliwafuata Kawangware, Kangemi, Dagoretti. Kwa Njambi alikwenda mwisho.

"Nitaongea," Njambi alisema, "lakini nitaongea juu yako."

"Ongea, mama."

Akaongea. Alisema yote mbele ya lenzi, kuanzia karai ya saruji mpaka sakafu ya Westlands, na Peres hakuacha neno hata moja. Viongozi wenzake walipoiona walimsihi aondoe sehemu ile: inakipaka chama matope, na uchaguzi uko karibu. Alikataa. Filamu ikaonyeshwa katika ukumbi wa kanisa, Peres amesimama nyuma kando ya mashine. Watu walinung'unika, wengine walitoka nje. Uchaguzi ulipofika alishindwa, akarudi kukata filamu za watu wengine kwa Pritam, aliyekuwa amefungua maabara yake mwenyewe, kwa ujira.

Lakini jioni ile ya ukumbini, watu walipokwisha kutawanyika, Njambi alibaki amekaa kwenye benchi mpaka Peres akamaliza kukunja nyaya na kuzitia mifukoni. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Ngong.

"Unashukia wapi?" Njambi akauliza.

"Kilimani."

"Basi tutembee pamoja mpaka kituoni. Nipe huo mfuko mmoja, ni mzito kwako."