Rambirambi kwa Muuza Sarafu

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Hallonbergen, kitongoji cha mji mkuu wa Waswidi, kwa mzee mmoja Mrundi na mkewe. Kabla ya hapo nilikaa Farsta, na kabla ya Farsta Upplands Väsby, kila mahali miezi michache na kazi nyingine. Shule niliiacha darasa la saba, lakini jambo likiniingia kichwani situlii mpaka nilijue. La mwaka ule lilikuwa sarafu. Nilikuwa nabeba masanduku katika duka la sarafu za zamani, na mwenye duka, Mswidi mkimya, alinijibu kila nilichouliza mradi mikono yangu isisimame.

Mzee alikuwa amestaafu kazi ya kuosha mabasi. Dada yake, wa mwisho aliyebaki hai, alikuwa mgonjwa Bujumbura, naye Mzee alikuwa ameweka akiba ya tiketi moja. Alitaka mbili. Mkewe, niliyemwita Mama, alijuana na yule wifi yake tangu usichana, na Mzee hakutaka kwenda peke yake huku mkewe akibaki kuuliza habari kwenye simu. Ndipo akaona vibunda vya sarafu kwenye mnada wa mtandaoni.

Kibunda ni sarafu hamsini zilizopangwa kama biskuti ndani ya karatasi ngumu. Karatasi hukunjwa ncha zote mbili, na katika kila ncha unaona uso wa sarafu moja. Vile vya mnadani vilionyesha krona, pesa za Kiswidi, za zamani, za wakati zilipokuwa na madini ya fedha ndani yake. Tangazo lilisema vimefungwa na benki, havijawahi kufunguliwa, na vimekutwa kwenye kabati la marehemu baba wa muuzaji. Mzee alikuwa amepiga hesabu: akipata vitano, auze sarafu mojamoja, tiketi ya pili itapatikana. Mnada ungefungwa Jumapili jioni. Alinionyesha Ijumaa tukinywa chai, si kwa kuniuliza, bali ili nifurahi naye.

Niliikuza picha. Ncha ya karatasi ilikuwa na alama mbili za mkunjo, moja kando ya nyingine. Mashine ya benki hukunja mara moja tu; mkunjo wa pili ni wa mtu aliyekifungua. Kibunda kimoja kilikuwa kimechanika kidogo ubavuni, na kwenye mchaniko niliona mstari mwekundu. Krona ya fedha ukingo wake ni mweupe mtupu. Zilizoifuata zilikuwa za shaba iliyovikwa nikeli, na shaba huchungulia ukingoni. Ukubwa ni uleule, uzito uleule, kwa hiyo hata mizani haisaidii. Mtu anaweka sarafu nzuri mbili nchani, anajaza takataka katikati.

Nilimweleza Mzee yote hayo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema karibu.

"Karibu si kufika," Mama akasema kutoka jikoni.

Nikatafuta matangazo ya nyuma ya muuzaji yule. Miezi michache kabla alikuwa amefiwa na babu, kisha shangazi, sasa baba. Kila marehemu aliacha kabati, na kila kabati lilikuwa na vibunda. Nikacheka, nikidhani kazi imekwisha. Mzee hakucheka. Akanionyesha ujumbe aliompelekea muuzaji wiki iliyotangulia: rambirambi, kwa Kiswidi alichokitafuta neno kwa neno. Muuzaji alikuwa amejibu kwa mstari mmoja wa shukrani.

"Watatu kwa mwaka mmoja, Mzee," nikasema.

"Mimi nilizika watatu kwa wiki moja. Wewe ungenihesabia?"

Nilijua alikimbia kwao akiwa kijana, lakini hakuwahi kunitajia idadi. Nikaelewa pia kwa nini alikuwa hajamuuliza muuzaji swali hata moja. Kwao matanga yana siku yake ya kuondolewa, na kabla ya siku hiyo humsumbui mfiwa kwa mambo ya bei. Mimi nilikuwa naangalia sarafu, yeye anaangalia msiba.

Jumamosi nikajaribu njia nyingine. Niliomba tumwandikie ombi moja tu, kwa adabu: achane karatasi ubavuni upana wa kidole, apige picha. Mzee alisita mpaka Mama akamwambia kwamba hata mfiwa huulizwa chumvi iko wapi. Tukaandika. Tukaanza na pole.

Jibu lilikuja Jumapili mchana, tumetoka kanisani. Nilimtafsiria. Muuzaji alisema hawezi kuchana, kwa sababu baba yake alivifunga vibunda hivyo kwa mikono yake mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, na angependa vibaki kama alivyoviacha.

Mzee akaniomba nirudie. Kisha akaniomba nisome tangazo tena, polepole.

"Hapo ni benki iliyofunga."

"Ndiyo, Mzee."

"Na hapa ni baba yake."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai yake ya kwaya, akaivaa tena.

"Bei mtu anaweza kukosea," akasema. "Mikono ya baba yake, hapana."

Habari za ule mstari mwekundu sikuzirudia. Nilijaza fomu ya kuwaarifu wenye mnada, nikajibiwa kwamba watachunguza, na jioni vibunda vikachukuliwa na mtu mwingine. Mzee alikuwa jikoni akimenya ndizi. Aliniuliza kama rambirambi zake zinaweza kufutwa. Nikaangalia, nikamwambia mtandao ule haufuti ujumbe uliokwisha kupelekwa.

"Ziache basi. Siku akifiwa kweli atakuwa ameshapewa."

Tiketi ikabaki moja. Mama mwenyewe alipakia begi la Mzee, akaweka juu kitenge kipya na dawa ya kuchua miguu, vyote vya wifi yake. Siku ya safari tulisimama watatu tukingoja treni ya uwanja wa ndege. Mama alimfunga Mzee skafu, akamwambia amsalimie dada yake, na asinunue kitu chochote njiani.